Ngwande, Mruka Mapaa

Harufu ya jenereta la petroli hunipandisha hasira kabla ya kunikumbusha chochote. Nimeishi miji mingi kwa sababu sijui kukaa: Masasi, Songea, Makambako, Tunduma, huku na huku na furushi la vitenge. Kila umeme unapokatika na mwenye duka akavuta kamba ya jenereta lake, mimi huwa wa kwanza kukunja uso. Wenzangu hudhani nachukia kelele. Kelele nimezizoea. Ni ule moshi wenye utamu wa petroli ukichanganyika na mihogo inayokaangwa karibu. Harufu hizo mbili zikikutana, mimi niko Bungu, nimevaa gauni la shule ambalo pindo lake limeshushwa mara mbili, na banda zima la watu linanitazama, linasubiri niseme neno moja.

Nimewahi kuwasimulia watu wa rika langu, wakacheka. "Yaani wewe mpaka leo unakasirikia video?" Ndiyo, naikasirikia, na wengine wamo ndani ya hasira hiyo pamoja nayo. Mimi pia nimo.

Sisi tuliokuwa watoto miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, tunakumbuka namna vitu vilivyoingia. Jana mama alikuwa akifulia majani ya mpapai, leo duka limejaa sabuni za rangi tatu. Marobota ya mitumba yalifunguliwa kando ya barabara ya kusini, na watu wazima wakayazunguka kama watoto. Zilikuja redio zenye spika mbili, soda za kopo na kandambili zenye maua. Halafu Bwana Athumani, aliyekuwa na duka la kila kitu pale njia panda, akajenga banda la video.

Kuta zilikuwa za makuti, paa la bati, mabenchi ya fito za mikoko. Madirisha yalizibwa kwa magunia ili mchana uwe giza. Mbele kulikuwa na meza, juu yake televisheni na deki, na nyuma ya ukuta jenereta likinguruma hatua chache tu kutoka kwenye karai la mama. Mama alikaanga mihogo hapo kwa sababu watu wakitoka kutazama watu wanaopigana hutoka na njaa.

Shida ilikuwa lugha. Mikanda ilikuwa ya Kiingereza, ya Kihindi na ya Kichina, na Bungu nzima hakuna aliyejua hata moja kati ya hizo kwa kasi ya sinema. Wiki za kwanza watu walikaa kwa mshangao wa kuona picha inatembea. Baadaye wakaanza kusinzia. Chande, kuli wa malori aliyekuwa na mdomo kuliko mabega, alisimama siku moja katikati ya picha akasema, "Athumani, umetuletea mabubu wanaogombana. Wa kwetu wanatosha."

Ndipo alipokuja Mjomba Kibwana.

Alikuwa kaka yake mama, na alitoka Maparoni, kule deltani, baada ya maji ya chumvi kupanda kwenye shamba lake la mpunga na kuliua. Hakuja na mengi: shuka, panga, na kidumu cha mafuta ya kula kilichokatwa kitako. Hicho kidumu kilikuwa chombo cha kazi. Kule mashambani ndege hushuka kwenye mpunga kabla jua halijakaa sawa, na mtu hukaa juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu, akiamia, yaani akifukuza ndege, kutwa nzima. Wengine huamia kwa teo za kurushia mawe, wengine kwa makopo yaliyofungwa kamba. Mjomba aliamia kwa mdomo. Aliweka kinywa chake kwenye kinywa cha kidumu, na sauti ikatoka upande wa pili imekuwa ya watu watatu.

Wala hakupiga kelele tu. Alisimulia. Aliwapa ndege hadithi nzima, na watu wa madungu ya jirani wakawa wanamjibu kutoka mbali. Nilimuuliza kwa nini alijichosha hivyo kwa ajili ya kwelea, ndege wadogo vile. "Kelele moja wataizoea siku ya tatu," alisema. "Hadithi hawaizoei. Hawajui inakoelekea."

Jumamosi moja aliingia bandani kumsubiri mama amalize kuuza. Ilikuwa picha ya Wachina. Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe alikuwa akimwambia kijana jambo refu, na watu wanapiga miayo. Kutoka nyuma kabisa ikasikika sauti ya kidumu: "Mwanangu, mimi siye baba yako. Baba yako ni yule uliyemvunja mkono jana." Banda zima likageuka. Kwenye picha kijana akapiga magoti. Sijui Mjomba alijuaje kwamba atapiga magoti. Athumani mwenyewe aliingia kuona kuna nini, akasimama mlangoni na mkebe wake wa tiketi, na picha ilipokwisha akamwambia Mjomba, "Kesho uje. Na kesho kutwa."

Mkanda ninaousema mimi ulikuja baadaye. Tulishamwona yule jamaa kwenye mikanda mingine: mwanamume mwenye kidevu cha mraba na joho mgongoni, anayeruka angani katikati ya maghorofa na magari. Kila mtoto wa Bungu alikuwa na khanga ya mama yake iliyochanika kwa ajili yake. Lakini katika mkanda huu alikuwa katika enzi za zamani. Kidevu kilekile, ila hapakuwa na magari. Palikuwa na farasi wanaovuta vibanda vyeusi, na taa za barabarani zinazowashwa kwa moto na mtu mwenye ngazi. Kila bomba la moshi lilitoa moshi mpaka jua halionekani. Wanaume walivaa kofia nyeusi ndefu kama masufuria ya pilau yaliyofunikwa kichwani, na wanawake magauni yanayofagia njia. Na yeye mwenyewe alikuwa na koti refu lenye mikia, kipande cha ngozi machoni, na joho jeusi lililoshonewa vyuma, ambalo alilikunjua kama popo na kurukia kutoka paa hadi paa. Watoto tulimpa jina la Mruka Mapaa kabla hata hajatua mara ya pili.

"Kibwana," Chande aliita, "huyu si yule wa magari? Mbona leo yuko na farasi?"

Kwenye picha ilikuwa imetokea bandari, na bandarini marundo ya magogo, na watu wenye matambara, peku, wanayabeba mabegani kuyapeleka melini. Niliona Mjomba amesogea mbele hatua mbili. Kisha akainua kidumu.

"Huyu ndiye huyo wa magari, kabla hajaenda huko kwenye magari. Hapa mnapoona ni kwetu. Ni deltani, enzi za Mdachi. Magogo hayo ni mikoko yetu. Na huyo mnayemwona juu ya paa anaitwa Ngwande. Ni babu wa babu yangu mimi."

Inabidi nieleze Ngwande ni nani. Kwenye ukoo wetu jina hilo lilisemwa chinichini. Mdachi alipokuja kutaka boriti za mikoko, Ngwande alikuwa mmoja wa waliozibeba. Siku moja alitua gogo akasema habebi tena. Walimchapa viboko mbele ya wenzake, na kesho yake hakuonekana. Waliobaki walibebeshwa mzigo wake juu ya mizigo yao. Kwa hiyo watu wa vijiji vya jirani walituita ukoo wa watoro, na neno hilo lilisafiri nasi kila tulikohamia. Mama yangu alilisikia akiwa bibi harusi.

"Walisema katoroka," kidumu kilinguruma bandani. "Hakutoroka. Alipanda juu."

Na pale pale Mruka Mapaa akakunjua joho lake. Sijasikia tena watu wakipiga kelele namna ile mchana kweupe.

Mimi niliamini. Nataka hili lieleweke: sikuamini kama mtoto anavyoamini hadithi ya sungura. Niliamini kwamba hii ni picha iliyopigwa. Ngwande yuko pale, kapigwa picha, na koti lake namwona nalo. Weupe wa uso wake haukunisumbua. Televisheni ya Athumani iliwafanya watu wote kuwa na rangi ya majivu, Wahindi, Wachina na wengineo, nami nilidhani ndivyo kioo kinavyofanya.

Jambo moja tu lilinikaa vibaya. Jioni moja Mjomba alipokuwa anakula mihogo kando ya karai, nilimuuliza.

"Mjomba, mbona Ngwande anawapiga wasio na viatu?"

Aliacha kutafuna. "Umeliona hilo?"

"Nimeliona. Wale wabeba magogo. Anashuka, anawapiga wao. Wenye viatu hawapigi."

Alimtazama mama, ambaye alijifanya anachochea kuni. "Wale si wabeba magogo," alisema. "Ni askari wa Mdachi. Wamevua viatu ili wasijulikane."

"Na yule bwana wa kofia anayeivua na kumpa mkono mwishoni?"

"Anaomba radhi. Ukiona mtu mkubwa anavua kofia, mpwa wangu, ujue kuna alilokosa."

Nikaridhika. Tena niliona fahari kwamba nimeuliza swali la kumfanya mtu mzima aache kutafuna.

Mkanda ule ukawa wa kila Jumamosi alasiri. Walikuja wanawake ambao hawajawahi kukanyaga banda. Walikuja wazee kutoka mashambani na fimbo zao, wakakalishwa benchi la mbele. Picha ilipofika pale pa kutua gogo, mama aliacha karai na kusimama mlangoni, mwiko mkononi, mafuta yakidondokea mguuni bila yeye kujali. Mwanamke aliyelinyamazia jina hilo maisha yake yote alianza kuwaambia wateja, huku akiwafungia mihogo kwenye gazeti: "Huyo Mruka Mapaa ni babu yetu sisi. Pilipili niweke?"

Sasa Mwalimu Elia. Yeye alitoka bara, Mkristo, kijana bado, shati lake limenyooshwa hata siku ambazo mkaa ulikuwa shida. Alitufundisha Historia na Kiingereza. Singependa mtu adhani alikuwa mbaya. Alikuwa mwalimu pekee aliyeniazima vitabu vyake mwenyewe, na pekee aliyewahi kuniambia, "Zaina, wewe una kichwa cha sekondari." Kwa neno hilo ningeweza kumbebea maji mpaka leo. Nilitaka kumfurahisha kuliko nilivyotaka kula.

Siku hiyo somo lilikuwa watu waliokataa kutawaliwa. Aliuliza nani anaweza kutaja mmoja wa upande wetu huu. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza.

"Ngwande, mwalimu. Alikataa kubeba mikoko, akaruka juu ya mapaa ya Wadachi."

Nilitarajia vicheko. Havikuja. Darasa zima lilikuwa linatikisa kichwa kukubali. "Kweli, mwalimu," alisema mmoja. "Ana joho." Mwingine akasema, "Na kofia wanamvulia."

Mwalimu Elia aliweka chaki chini. "Mmesoma wapi hayo?"

"Hatukusoma. Tumeona wenyewe."

Hakumchapa mtu. Alifuta mikono na kusema, "Jumamosi nitakuja niione hiyo historia yenu." Nilikimbia nyumbani kwa furaha. Nilidhani anakuja kumwona babu yangu.

Alikuja, akakaa benchi la mbele, mguu juu ya mguu. Mjomba alianza kama kawaida. Picha ilifika bandarini, Mruka Mapaa akashuka kwa kishindo katikati ya wabeba magogo, bwana wa kofia ndefu akapaza sauti kutoka kwenye kibanda cha farasi, na kidumu kikasema, "Ngwande, tuhurumie! Magogo haya tutabeba wenyewe!" Watu wakacheka kwa raha.

Mwalimu Elia akasimama. "Bwana Athumani, hebu simamisha."

Picha ikaganda, ikitetemeka, mguu wa Mruka Mapaa ukiwa hewani.

"Samahani, ndugu," mwalimu alimwambia Mjomba, kwa upole, hilo nalo silisahau. "Kiingereza umesomea wapi?"

"Sikusoma, mwalimu. Nimesoma Kurani kidogo, na ndege."

Watu wakacheka upande wa Mjomba.

"Basi nikwambie alichosema huyo bwana. Amesema: wakamateni wezi hawa. Hii ni picha ya Uingereza, wakati wa malkia wao wa zamani. Mji ule uko Uingereza, na hakuna Mdachi wala delta. Huyo mwenye joho si babu wa mtu yeyote hapa. Watoto wanakuja darasani kunijibu mtihani kwa maneno ya kwenye kidumu. Mnawaharibu."

Jenereta likaendelea nyuma ya ukuta.

"Labda Kiingereza chake ni cha aina nyingine," Chande alijaribu, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka.

Mwalimu akaangaza macho kwenye giza akaniona. "Zaina, njoo mbele."

Nilikwenda. Nilipita magoti ya watu mpaka nikasimama kati ya televisheni na benchi.

"Mjomba wako anajua Kiingereza?"

"Hajui, mwalimu."

"Mimi najua?"

"Unajua."

"Basi waambie watu. Kati yangu na yeye, nani anasema kweli?"

Nilimtazama Mjomba. Alikuwa ameshusha kidumu mpaka gotini, ananitazama bila kuniomba kitu. Nilimwona mama mlangoni na mwiko. Nilikuwa nimeshawaona wale watu peku kwa macho yangu mwenyewe, nilikuwa nimeshauliza, nilikuwa na kila sababu ya kusema kwamba jambo hili si la Kiingereza peke yake. Lakini nilikuwa na kichwa cha sekondari.

"Mwalimu," nilisema.

Chande akapiga paja. "Kumbe, Kibwana! Siku zote hizi ulikuwa unatuamia sisi. Sisi ndio kwelea!" Na banda likaangua kicheko. Walicheka wale wazee wa benchi la mbele. Alicheka Athumani. Mjomba naye alicheka, akitikisa kichwa kama mtu aliyeshindwa bao kihalali, akaenda mbele, akaweka kidumu chini ya meza ya televisheni, akanigusa bega alipokuwa ananipita, akatoka.

Mama hakunigombeza. Alinipa mgongo akaendelea kukaanga. Ila tangu siku hiyo sikumsikia tena akilitaja jina la Ngwande, kwa wateja wala nyumbani, mpaka anakufa.

Athumani alimwomba Mwalimu Elia atafsiri yeye, naye akakubali, Jumamosi tatu hivi. Alitafsiri vizuri, neno kwa neno. "Anasema: fungueni mlango. Anasema: nakushukuru bwana. Anasema: wakamateni wezi hawa." Watu waliokuja kwa ajili ya Ngwande wakamwona mtu mwingine kabisa anashuka kutoka mapaani na kuwavunja mbavu wabeba mizigo, halafu anapewa mkono na mwenye farasi. Jumamosi ya tatu hata Chande hakukaa mpaka mwisho. "Huyu wa Mwalimu si Mruka Mapaa," alisema akitoka. "Ni mgambo tu." Athumani akaurudisha mkanda alikoutoa, akaendelea na Wachina wasiotafsiriwa.

Mjomba alikuwa ameshaondoka. Alisikia kwamba Mloka, kule karibu na pori la wanyama, wanahitaji watu wenye sauti wa kulinda mahindi dhidi ya nguruwe na tembo. Alikwenda huko na shuka lake na panga. Kidumu alikiacha, na mama alikitumia kumiminia mafuta.

Nilikwenda sekondari kweli. Nikajifunza Kiingereza, kisha nikashika vitenge na barabara. Kwa miaka yote hiyo nilionana na Mjomba mara chache, misibani na harusini, na kila mara aliniuliza, "Mwalimu wako hajambo?" bila kejeli hata chembe. Sikuwahi kumwomba radhi. Nilikuwa najiambia: kwani nilisema uongo?

Mpaka siku moja Tunduma, sebuleni kwenye nyumba ya wageni, umeme ukakatika, mwenye nyumba akawasha jenereta, televisheni ikarudi, na mbele yangu nikaona kofia ndefu na farasi. Ulikuwa mkanda uleule. Gari langu lilikuwa linaondoka baada ya muda mfupi. Nikaliacha liende, nikakaa na chai yangu, kwa mara ya kwanza nikiyasikia maneno.

Mwalimu Elia alikuwa sahihi. Bwana wa kofia anasema vilevile: wakamateni wezi hawa. Lakini kabla ya hapo kuna kipande ambacho sisi Bungu tulikitazama kila Jumamosi na yeye hakukigusa, kwa sababu hakina maneno mengi. Gogo linamwangukia mbeba mizigo mmoja. Wenzake wanamtazama. Halafu mmoja baada ya mwingine wanatua magogo yao chini na kukaa juu yake. Basi. Hicho ndicho walichoiba. Mwenye bandari anawaita wezi, na shujaa wa dunia nzima, mwenye kidevu chake cha mraba, anashuka kutoka mapaani kuwapiga mpaka wanyanyue tena.

Sijui nieleze vipi nilivyowaka pale sebuleni. Mwalimu wangu, mtu mwema, msomi, alilichukua neno la yule bwana na kutukabidhi likiwa zima, bila tone kumwagika, na hakuuliza hata mara moja wameiba nini. Na banda lilikuwa limejaa makuli! Lilikuwa limejaa vitukuu vya watu waliobebeshwa mikoko. Mjomba Kibwana, asiyejua neno hata moja, ndiye aliyeona gogo liko bega la nani. Aliwaona wale watu wanatua mzigo na akamjua babu yake hapo hapo. Asingeweza kuinua kidumu na kuwaambia watu wa Bungu washangilie kupigwa kwa Ngwande. Kwa hiyo akampa Ngwande joho. Alimvua yule mwingine akamvika wetu, mbele ya macho yetu, na kwa Jumamosi kadhaa ukoo wa watoro ulikuwa na mahali pa kusimama. Sisi tukamwita mwongo. Mimi nikamwita mwongo.

Mwaka huu, baada ya mvua, nilipigiwa simu kwamba Mjomba amefariki. Nilikuwa mbali, sikuwahi kuzika. Niliwahi arobaini tu.

Mloka palikuwa pamejaa watu. Wanawake wanapepeta mchele, wanaume wako kwenye kisomo, na watoto wamefukuzwa waende wakachezee upande wa mashamba. Nilipokwenda kunawa nikawasikia kabla sijawaona. Mmoja alikuwa amejifunga mfuko mtupu wa salfeti shingoni kama joho, amesimama juu ya dungu. "Tembo wote rudini porini!" alikuwa akinguruma ndani ya kidumu kilichokatwa. "Na wenye kofia, vueni kofia! Ngwande amekuja!"

Nikasogea mpaka chini ya dungu.

Msichana mmoja wa gauni la shule, mjukuu wa Mjomba, akanisogelea. "Shangazi, wewe ndiye Zaina wa Bungu?"

"Ndiye mimi."

"Babu alisema wewe ulimwona Ngwande. Kwenye video."

Kaka yake mkubwa, aliyekuja kutoka Kibiti anakosoma, alicheka akiwa ameegemea baiskeli. "Muulize vizuri. Shangazi kasoma huyo, atakwambia ukweli. Babu alikuwa anawapiga fiksi tu."

Watoto wote wakanigeukia, hata yule wa juu ya dungu. Kwa mbali nilisikia jenereta la kisomo likinguruma, na kutoka majikoni harufu ya mafuta ya moto.

"Nilimwona," nikasema. "Alikuwa na koti jeusi lenye mikia. Alitua gogo, akapanda juu."

Msichana hakuwa ameridhika. "Alikuwa anawapiga kina nani? Babu alisema kulikuwa na mtoto mmoja tu, banda zima, aliyeuliza habari ya viatu. Alisema ni wewe."

Kumbe hilo ndilo alilolichukua kutoka Bungu. Miaka yote ile, hilo.

"Askari wa Mdachi," nilimwambia, na nilisema kwa sauti, ili na yule wa baiskeli asikie. "Walikuwa wamevua viatu ili wasijulikane."